Uanachama wa Kew Gardens: Usiimalize Bustani kwa Siku Moja

Kew, bustani ya mimea jijini London, ina hekta 130 hivi. Ukiwa na kadi ya uanachama unaweza kurudi tena na tena, huna haja ya kuizunguka yote. Chagua pembe moja, saa mbili zatosha.

Fuata majira. Februari twende kwenye okidi, Aprili miti ya cheri, Oktoba rangi za majani. Mwishoni mwa Aprili hadi Mei, maua ya buluu hutandaa chini ya miti karibu na Queen Charlotte's Cottage. Ingia kwa lango la Lion Gate. Lango la Victoria Gate hujaa watu wanaotoka stesheni ya treni. Joto huwahisha maua na baridi huyachelewesha, basi usiikariri tarehe ya mwaka jana.

Palm House, nyumba ya vioo yenye joto na unyevu wa mimea ya tropiki, iweke siku ya mvua au baridi. Vaa nguo za kuvulika. Lenzi ya kamera itashika ukungu mara tu ukiingia. Kuifuta hakusaidii, unyevu unarudi. Isubiri ipate joto, dakika kumi hivi. Wakati huo mtazame mzee wa humo: saikadi, mmea wa kale unaofanana na mtende, ya Afrika Kusini iliyoletwa 1775, bado iko kwenye chungu, shina limelalia nguzo.

Upepo ukivuma sana, njia ya juu ya miti, mita 18 kwenda juu, hufungwa.