Kumhudumia mgonjwa wa mafua makali nyumbani katika miezi ya baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza Njombe, Mbeya na Arusha, familia hufunga madirisha na kujikusanya katika chumba kimoja, na humo virusi vya influenza, yaani mafua makali, hupata njia rahisi ya kuenea. Mafua ya kawaida huanza taratibu kwa kamasi na chafya. Influenza humwangusha mtu ghafla kwa homa, maumivu ya kichwa na misuli, kikohozi kikavu na uchovu mwingi.

Mgonjwa huweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya hadi siku 5 au 7 baadaye, kwa hiyo usingoje mtu augue ndipo uanze kujikinga. Fungua dirisha japo kidogo, nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20, na kohoa kwenye kiwiko. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani kamwe, kwani hewa yake yenye sumu huua watu wakiwa usingizini. Chanjo ya influenza hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na kinga yake huchukua takriban wiki 2 kujengeka. Ulizia hospitalini, hasa ikiwa una mimba, umri mkubwa, pumu, kisukari au unaishi na VVU.

Homa ikianza, jambo la kwanza ni kupima malaria, maana dalili za mwanzo hufanana na kubahatisha kunaweza kugharimu maisha. Malaria isipoonekana, usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki: hizo hupigana na bakteria, haziui virusi, na kuzimeza ovyo huzalisha usugu wa bakteria dhidi ya dawa utakaotuumiza sote. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500, akiacha angalau saa 6 kati ya dozi, bila kuzidisha vidonge 8 kwa siku. Asome pia maelezo ya dawa nyingine za mafua, kwa kuwa nyingi zina paracetamol ndani yake. Mtoto apewe kipimo kinacholingana na uzito wake, na asipewe aspirini.

Apumzike, anywe maji, uji mwepesi au supu mara kwa mara. Chai ya tangawizi yenye asali hutuliza koo, ila asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Kumfukiza mtoto kwa sufuria la maji yanayochemka sikushauri hata kidogo, kwani huweza kumwunguza vibaya.

Mgonjwa akihema kwa shida, akichanganyikiwa, akiumwa kifua, au homa ikirudi kwa nguvu baada ya kupata nafuu, mpeleke hospitali. Mtoto anayebonyea mbavu anapovuta pumzi, anayekataa kunyonya au aliyelegea apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.