Ukipewa umeneja wa timu ya ligi ya mkoa

Ukipewa umeneja wa timu ya mtaani huku kwetu Tandika, kikosi muachie kocha. Wewe shika makaratasi. Njia ya kupanda inapita Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na kila timu inaitaka hiyo nafasi, kwa hiyo aliyekufunga uwanjani mnamalizana pale pale, ila uliyemfunga atakutafutia kosa kwenye fomu.

Usiku wa kuamkia mechi zipange leseni za wachezaji kwa namba za jezi, kisha linganisha majina na fomu herufi kwa herufi. Huyo mnayemwita Mpemba kwenye leseni ana majina matatu mengine, na kamisaa, yule msimamizi wa mechi, anasoma hayo.

Jezi beba seti mbili za rangi tofauti, na ya kipa isifanane na yoyote, hata na ya refa. Zikifuliwa zigeuzwe ndani nje ndipo zianikwe kivulini. Zile namba za kubandika tunazowekewa Kariakoo zikipigwa na jua hukakamaa, halafu pembe zinaanza kunyanyuka; saba inabaki mkia tu. Pasi usiipitishe juu ya namba kabisa.

Kagua na miili. Pete, cheni, hereni, vyote vinavuliwa; kuzungushia plasta hakukubaliki, sheria ya 4 ya soka imekataza wazi. Na plasta ya kufungia soksi iwe rangi ya soksi. Vijana watakununia, wazoee.

Kwenye usafiri, ukikodi Coaster elewana na dereva kabisa kwamba atasubiri mpaka mwisho, maana wengine wakiona abiria wa Mbagala wanaondoka zao. Angalia pia ratiba ya Ligi Kuu. Siku ya Simba na Yanga kwa Mkapa, ukiwa unakuja uwanja wa Bandari kutokea mjini, toka mapema mno au utakaa kwenye foleni na wachezaji wanavaa njumu ndani ya gari. Mechi haianzi timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba, na saba wa kwanza ndio hao mliokwama nao.

Maji ya kunywa beba kwenye madumu yenu. Barafu za vifuko nunua kwa kina mama wa mtaani; kifuko kizima unakifunga kwa kitambaa juu ya enka iliyovimba, kinafanya kazi kuliko dawa ya kupuliza iliyokwisha nguvu.

Filimbi ya mwisho ikilia usikimbilie kushangilia. Simama mlangoni mwa gari na mkoba wazi, jezi iingie kwanza ndipo nauli itoke mfukoni mwako. Ukilegea, Jumatatu utaiona namba 10 yako inapita Chang'ombe juu ya bodaboda, imepakia abiria.