Meza Moja, Zamu Mbili: Kufanyia Kazi Sebuleni Bila Makorokoro Kuzagaa

Kwenye nyumba ya chumba na sebule, meza huwa moja. Asubuhi ni ya chai, jioni ni ya watoto na madaftari yao, na katikati ya siku ndiyo ofisi. Wengi hulaumu wingi wa vitu, wakakimbilia kununua rafu. Tatizo kubwa zaidi ni zamu: kazi ikishapanda mezani haishuki, na sahani zikija zinawekwa juu ya makaratasi.

Anza kwa kuondoa kila kitu mezani na kukitandaza kwenye mkeka. Kinachorudi ni kile tu unachokishika kila siku ya kazi: kompyuta, chaja, kipanya, hedifoni, daftari moja, kalamu mbili. Stepla, bahasha, mhuri na kikokotoo hutumika mara moja moja; vitafutiwe droo au mfuko wa zipu ndani ya kabati.

Vile vya kila siku vitafutie boksi la plastiki lenye mfuniko. Kwa ndani lisipungue sentimita 40 kwa 30, maana kompyuta nyingi za inchi 15 zina upana wa sentimita 36 hivi. Kina kiwe kati ya 15 na 20, basi. Boksi lenye kina kirefu litageuka kapu la kutupia, na muda si mrefu chini yake utakuta betri zilizokufa, vocha zilizokwanguliwa na nusu ya biskuti. Beseni halifai kabisa: halina mfuniko, na vumbi la msimu wa kiangazi litaingia lote kwenye kibodi.

Kufunga kazi kusizidi dakika tano. Hifadhi ulichoandika, kisha zima kompyuta moja kwa moja. Ukifunika skrini tu huku bado inafanya kazi, joto litakosa pa kutokea mle ndani, na kuichaji ikiwa kwenye boksi lililofunikwa ni hatari. Waya wa chaja ukunje kwa mzunguko mpana kama kiganja, bila kuukaza. Ukiuzungushia kwa nguvu kwenye adapta, unavunjika pale shingoni unapotokea, ndipo unaanza kuchaji kwa kuegemeza waya kwenye kitabu. Futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, halafu kikavu, na boksi lipande juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki.

Hapo inakuja kanuni ambayo watu wote wa nyumbani waambiwe, pamoja na dada wa kazi: kilicho ndani ya boksi hakiguswi, kilichobaki nje baada ya saa kumi na mbili jioni ni cha nyumba, na yeyote anaweza kukihamisha bila kuulizwa. Bila mpaka huo, dada atapanga makaratasi yako kwa kuyalinganisha ukubwa, nawe utakesha ukiyatafuta.

Nyaya zina hatari zake mbali na kuchukiza macho. Tumia ekstensheni moja, na uifunge kwa sikrubu mbili chini ya ubao wa meza, au kwenye mguu wake, ili sakafu ibaki wazi kwa kudeki. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ya ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Kompyuta na ruta kwa pamoja kwa kawaida hazifiki hata 200. Balaa huja mtu anapochomeka pasi pale kwa sababu ndiyo soketi iliyo karibu, na mwingine akaongeza birika la umeme, ambalo peke yake huweza kuvuta wati 2,000. Fyuzi si lazima iruke papo hapo. Ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba inaweza kuyeyuka kabla yake. Bandika selotepu juu yake, andika KAZI TU. Na usiifiche chini ya zulia wala kitambaa.

Chaja usizozijua ni za simu gani zitie kwenye mfuko mmoja wenye tarehe. Miezi mitatu ikipita bila mtu kuziulizia, zipeleke kwa fundi wa simu.

Makaratasi yagawe mafungu matatu: ya wiki hii, ya kutunza, ya kutupa. Fungu la nne la "nitaangalia baadaye" likishaanza, umerudi ulikotoka. Risiti za mashine, EFD za Tanzania au ETR za Kenya, nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto na hufifia hadi kuwa nyeupe, hasa zikikaa juani au ndani ya mifuko ya plastiki laini. Zipige picha siku hiyo hiyo. Mwenye biashara anatakiwa kutunza kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano. Bahasha moja kwa mwezi inakupa bahasha 60, zinazotosha kwenye boksi la viatu au mawili. Boksi lisikae sakafuni. Pwani karatasi hushika ukungu, na kwingineko mchwa hupandia ukutani. Liinue juu ya matofali mawili, na uache upana wa mkono kati yake na ukuta.

Zile za kutupa zenye majina au namba za wateja zichane vipande vidogo. Ukizitoa nzima, usishangae kuzikuta zimefungia karanga kituo cha daladala.

Vyombo ni rahisi: kikombe kimoja tu mezani, na hakijazwi tena mpaka kisuuzwe. Sukari iliyomwagika huita sisimizi, na wakishaingia chini ya kibodi kuwatoa ni kazi.

Nguo ndizo sugu. Zikianuliwa hurundikwa kwenye kiti cha nyuma yako, na ndicho kinachoonekana kwenye kikao cha video. Zikunje pale pale kwenye kamba, moja baada ya nyingine, zikiingia kwenye tenga zikiwa tayari. Mvua ikikuharakisha, tenga liende chumbani moja kwa moja, lisipitie sebuleni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi limwage boksi la kazi lote, lifute, urudishe vilivyotumika tu. Mfuniko ukianza kukataa kufunga kabla ya hapo, usinunue boksi la pili. Toa kitu.