Bango moja la Kilimanjaro kwa masomo matano: namna ya kulitengeneza na kulitumia darasani

Kuta za madarasa mengi ya shule za msingi zimejaa michoro ambayo wanafunzi wamekwisha kuizoea kiasi cha kutoiona. Mwalimu wa Jiografia alibandika ramani, mwalimu wa Sayansi akabandika mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na baada ya wiki mbili hakuna anayerudi kwenye michoro hiyo kuuliza swali lolote. Kwa maoni yangu, bango moja lililochorwa kwa vipimo sahihi, ambalo walimu wa masomo mbalimbali wanapokezana, linafundisha zaidi ya mabango kumi yaliyobaki ukutani kama mapambo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza bango la mkato wa Mlima Kilimanjaro (yaani mlima ukionyeshwa kama umekatwa wima na kutazamwa ubavuni), upande wa kusini kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo, na namna ya kulitumia kufundishia Jiografia, Hisabati, Sayansi, Historia na Kiswahili kuanzia Darasa la Tano hadi la Saba.

Hatua ya kwanza: kubalianeni kabla ya kuchora

Kaeni walimu wa masomo husika, kila mmoja na azimio lake la kazi, mtafute wiki ambazo mada zenu zinakaribiana. Mlima huu unafaa kwa sababu una vitu vinavyopimika: urefu, umbali, joto, mvua, eneo la barafu na miaka ya matukio. Picha nzuri isiyo na kipimo chochote humsaidia mwalimu wa Kiswahili peke yake. Kama shule yenu iko mbali na Kilimanjaro na mna mlima au mto wenu mnaoufahamu vizuri, utumieni huo kwa utaratibu huu huu, mradi vipimo vyake mnavyo.

Hatua ya pili: andaeni vifaa

Karatasi za manila zinafaa, lakini huchanika upesi zikihamishwa kila siku. Kiroba cheupe cha kilo 50 hudumu zaidi. Kifumueni mshono wa chini, mkichane ubavu mmoja ili kifunguke chote, mkioshe kitoke unga, kisha mkikaushe kivulini kikiwa kimevutwa na kubanwa pembe zote nne. Msikipige pasi, kwa maana kitayeyuka. Mtahitaji pia kalamu za wino mzito za rangi nne, rula ya mita moja ya ubaoni, uzi, gundi, vipande vya manila na fito mbili za kushonea juu na chini ili bango lining'inie bila kujikunja.

Hatua ya tatu: pimeni, ndipo mchore

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na sishauri kuiharakisha.

Chora mstari wa mlalo wenye urefu wa sentimita 60. Huo ndio usawa wa bahari, nao unawakilisha kilomita 30, ambao ni umbali wa takribani kutoka Moshi hadi Kibo kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo sentimita 1 ya mlalo ni mita 500. Upande wa kulia simamisha mstari wa wima wa sentimita 60, ambapo sentimita 1 ni mita 100. Kibo ina mita 5,895, hivyo kilele kitakaa karibu na sentimita 59. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900. Tuchukue 850, nao utaanzia sentimita 8.5 juu ya mstari wa bahari, upande wa kushoto. Usiufute mstari wa bahari kwa kudhani hauna kazi, kwa sababu ndio unaomwonyesha mwanafunzi kwamba hata mguu wa mlima tayari uko juu.

Unganisha Moshi na kilele kwa mkunjo, wala si kwa rula. Mteremko wa chini ni wa polepole na wa juu ni mkali, kwa hiyo ukifika katikati ya bango mstari wako uwe haujapita sentimita 18 hivi juu ya mstari wa bahari. Kisha gawa mlima kwa mistari hafifu penye sentimita 18, 28, 40 na 50. Chini ya mita 1,800 ni ukanda wa makazi na mashamba ya migomba na kahawa. Kutoka hapo hadi mita 2,800 ni msitu. Hadi mita 4,000 ni vichaka na mimea mifupi. Hadi mita 5,000 ni jangwa la mlimani. Na juu yake ni ukanda wa kilele wenye mawe, majivu na barafu. Mipaka hii ni ya makadirio, na mwanafunzi aambiwe hivyo, kwa kuwa msitu haukomi ghafla mahali pamoja.

Vilele vingine vya mlima huu, Mawenzi na Shira, visichorwe. Havipo kwenye mstari huu wa kutoka Moshi kwenda Kibo, na bango linaloonyesha mkato halipaswi kubeba kitu ambacho mkato haukipitii, hata kama kingelipendezesha.

Kila ukanda uupe rangi yake pamoja na alama yake, mfano vitone, mistari ya mshazari au misalaba, kwa sababu wapo watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kama darasani kuna mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, bandika uzi mnene kwa gundi juu ya mstari wa mteremko na mipaka ya kanda, umwache apitishe vidole kutoka Moshi hadi kileleni. Herufi ziwe na urefu usiopungua sentimita 3, na maneno yawe machache sana. Majina ya kanda yaandikwe kwenye vipande vya manila vinavyoweza kubandikwa na kubanduliwa. Yasiandikwe moja kwa moja kwenye kiroba.

Mwisho, acha nafasi ya sentimita 10 chini ya mstari wa bahari. Itatumika katika Historia.

Hatua ya nne: lifunike bango

Bango lililofunuliwa lote kwa mara moja, darasa zima hulitazama kwa dakika moja, kisha likasahaulika. Andaa karatasi kubwa mbili za kulifunika, na kila kipindi funua sehemu ile tu unayoihitaji. Uliza kabla ya kueleza. Katika Jiografia, funua ukanda wa mashamba na uwaulize wanafunzi wanadhani kuna nini juu yake na kwa sababu gani. Baada ya kusikiliza majibu kadhaa, funua msitu, uendelee hivyo hadi kilele. Kisha bandua vipande vyote vya majina, uvigawe kwa vikundi, vikundi vije kuvirudisha mahali pake na kutetea uamuzi wao. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, lipeleke bango kwa vikundi badala ya kuwaita wote mbele.

Hatua ya tano: Hisabati

Somo la kwanza ni skeli. Wanafunzi wataona mara moja kwamba mlima wa bangoni umesimama mno. Waulize kwa nini, kisha waongoze walinganishe skeli mbili: wima ni mita 100 kwa sentimita, mlalo ni mita 500, kwa hiyo urefu umetiwa chumvi mara 5. Sasa wakokotoe mlima ungekuwaje kama skeli zingelingana. Kutoka Moshi hadi kilele ni mita 5,045. Zikigawanywa kwa 500 zinapatikana sentimita 10 na kidogo. Funga uzi kwenye nukta ya Moshi, uuvute hadi sentimita 10 juu ya usawa wa nukta hiyo upande wa kulia, na darasa zima litaona mwinamo halisi wa wastani, ambao ni wa polepole mno ukilinganisha na mchoro. Naona hili ni jambo ambalo kila mwanafunzi anayesoma grafu anapaswa kulijua mapema: mchoraji ndiye aliyechagua skeli, na skeli hubadili sura ya kitu.

Somo la pili ni namba hasi. Kwa kawaida joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kila unapopanda mita 100. Tuseme Moshi kuna nyuzi 25. Wanafunzi wakokotoe joto penye mpaka wa kila ukanda na kuliandika kwenye kipande cha manila pembeni mwa mstari wa wima: penye mita 1,800 watapata 19.3, penye 2,800 watapata 13.3, penye 4,000 watapata 6.1, penye 5,000 watapata 0.1, na kileleni watapata karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Usiwatangulizie jibu. Waache wagundue wenyewe kwamba sifuri imeangukia pale pale ambapo ukanda wa kilele unaanzia.

Somo la tatu ni asilimia. Kata miraba 12 midogo ya karatasi nyeupe, uibandike juu ya kilele. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Mwanafunzi mmoja abandue miraba 10 huku wenzake wakihesabu, kisha kila mmoja aandike ni asilimia ngapi iliyopotea.

Hatua ya sita: Sayansi

Swali litakaloulizwa ni hili: kilele kiko karibu zaidi na jua, mbona kina baridi? Lichukue kwa uzito. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, kwa hiyo kilomita 6 za mlima hazipunguzi chochote cha maana. Hewa hupata joto zaidi kutoka kwenye ardhi iliyopashwa na jua; inapopanda, mgandamizo hupungua, hewa hutanuka, na ikitanuka hupoa. Chora mishale myekundu inayopanda kutoka Moshi na kugeuka buluu kadiri inavyokwenda juu.

Kisha shughulikia maji. Wanafunzi wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba mito ya Kilimanjaro hutokana hasa na barafu inayoyeyuka. Sehemu kubwa ya maji hutoka katika ukanda wa msitu, ambao upande wa kusini hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chora mishale minene ya buluu ikitoka msituni na mwembamba mmoja ukitoka kileleni, uwaulize wanafunzi kitatokea nini kwa mifongo (mifereji ya kumwagilia) ya mashambani na kwa bwawa la Nyumba ya Mungu endapo ukanda wa kijani utapunguzwa. Hapo bandua kipande cha jina la msitu wakiwa wanatazama.

Hatua ya saba: Historia

Zile sentimita 10 za chini sasa ziwe mstari wa wakati. Sentimita 1 iwe miaka 3, ukianzia 1845. Sentimita 60 zitakufikisha 2025. Wanafunzi wakokotoe mahali pa 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona mlima na theluji yake. 1889, wapanda mlima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo. 9 Desemba 1961, Mwenge wa Uhuru ulipowashwa kileleni na Alexander Nyirenda. Na 1973, ilipoanzishwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1961, kwa mfano, unaangukia karibu na sentimita 38.7.

Upande wa kushoto wa mwaka 1845 lazima pawe na mshale mnene unaotoka nje ya bango. Wachaga walilima vihamba (mashamba ya kuzunguka nyumba) na kuchimba mifongo mlimani humo muda mrefu kabla ya Rebmann, na mstari unaoanza na mgeni bila mshale huo unafundisha jambo lisilo kweli.

Hatua ya nane: Kiswahili

Mwanafunzi mmoja alipe bango mgongo, mwenzake amweleze mkato kwa mdomo tu, naye achore daftarini anachosikia. Maneno kama mteremko, mwinamo, bonde na kilele yatahitajika yenyewe, na mwanafunzi ataona papo hapo pale ambapo maelezo yake hayakutosha. Baadaye waandike insha ya mpagazi anayepanda ukanda kwa ukanda, kila aya ikae katika ukanda mmoja.

Hatua ya tisa: utunzaji

Bango lizungushwe kwenye fito yake, lisikunjwe. Vipande vya manila viwekwe kwenye bahasha iliyoshonwa nyuma ya kiroba, pamoja na karatasi ambayo kila mwalimu ataandika tarehe, darasa, sehemu aliyoifunua na swali ambalo wanafunzi walilishindwa, ili mwalimu wa kipindi kinachofuata aanzie hapo.