Jinsi ya Kuandaa Mashindano ya Voliboli Katika Ukumbi wa Shughuli Nyingi, kwa Mfano wa Kasarani

Mtu anayepanga mashindano ya voliboli ndani ya ukumbi wa shughuli nyingi kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei. Mimi humshauri aanze kwa kuuliza ratiba: nani atakuwa ukumbini siku moja kabla yake, na nani ataingia siku itakayofuata. Bei ikishaandikwa kwenye barua inajulikana, lakini kinachovuruga mashindano mengi ni zile saa chache kati ya shughuli moja na nyingine, wakati viti vya mkutano wa jana bado vimejaa sakafuni na timu ya kwanza tayari imeshuka kwenye basi.

Kasarani, iliyo kando ya barabara kuu ya Thika katika viunga vya Nairobi, inalifundisha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi, ambacho watu hukiita Kasarani tu, kilijengwa kwa msaada wa China na kikatumika 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika kwa awamu ya nne, baada ya Brazzaville, Lagos na Algiers. Kina uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya watu wapatao 60,000, bwawa la kuogelea, hoteli, na ukumbi wa ndani wa watu wapatao 5,000, ambao ndio unaotuhusu hapa. Ukumbi huo ulikusudiwa michezo, lakini nchi ilikuwa na majengo machache mno yanayoweza kukusanya maelfu ya watu chini ya paa moja, na haikuchukua muda siasa nayo ikahitaji nafasi. Machi 2002 vyama vya KANU na NDP viliungana Kasarani. Oktoba mwaka huohuo wajumbe wa KANU walirudi kumwidhinisha Uhuru Kenyatta kuwa mgombea wao wa urais. Septemba 2007 ODM ilimteua Raila Odinga hapo, na Machi 2022 UDA ikamwidhinisha William Ruto. Januari 2007 Jukwaa la Kijamii la Dunia, mkutano wa wanaharakati kutoka nchi nyingi, lilifanyika katika kituo hicho, na kwenye uwanja mkubwa marais waliapishwa 2013, 2017 na 2022. Aprili 2014, wakati wa msako uliopewa jina la Usalama Watch, watu wengi, hasa wenye asili ya Kisomali, walizuiliwa Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Hayo ni matumizi machungu, na anayesimulia historia ya kituo hiki hana haki ya kuyaruka. Kati ya mambo yote hayo voliboli haikuhama. Timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilitwaa ubingwa wa Afrika nyumbani Nairobi 2013 na tena 2015, na waliokuwapo bado wanazikumbuka kelele za mashabiki chini ya lile paa.

Historia hiyo ina kazi kwa mwandalizi. Mkutano wa wajumbe huleta jukwaa, nyaya, vipaza sauti, mabango na maelfu ya viti. Mchezo huhitaji sakafu tupu, kavu na safi. Kwa hiyo unapoandika barua ya kuomba ukumbi, ambayo kwa Kasarani hupelekwa kwa Sports Kenya, shirika la serikali lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, usiombe siku za mechi peke yake. Omba pia nusu siku ya kutayarisha na saa kadhaa za kuondoa vifaa, na usipate aibu kulipia muda huo, kwa kuwa ndio utakaoyaokoa mashindano yako.

Nusu siku hiyo itumie kwanza kwa sakafu. Nimewahi kuingia katika ukumbi mmoja, ambao si Kasarani, saa kumi na mbili asubuhi, mechi ya kwanza ikiwa ni saa tatu. Kwa macho sakafu ilionekana safi na iling'aa. Nilipopiga magoti na kupitisha kiganja karibu na mstari wa mashambulizi, mkono ulinata: utepe uliokuwa umefunika nyaya za vipaza sauti ulikuwa umeng'olewa, gundi ikabaki, ikiwa mstari wa zaidi ya mita kumi unaokata uwanja. Hatua mbili mbele yake palikuwa na chai ya maziwa iliyomwagika ikakaukia hapohapo, nayo iliteleza. Mchezaji anayekimbia kwenda kushambulia angekanyaga pale panaponata kwa mguu mmoja na panapoteleza kwa mguu wa pili. Tulikwangua na kufuta mpaka saa nne, na mechi zote za siku zikasogea mbele. Tangu siku hiyo huvua viatu na kuitembea sakafu yote kwa soksi, kutoka ukuta hadi ukuta. Gundi ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki, kisha ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Kisu hukwaruza, na dizeli, ambayo baadhi ya watu huipenda kwa sababu ni rahisi kupatikana, huacha utelezi mbaya kuliko gundi yenyewe. Kama sakafu ni ya mbao, mopu iwe na unyevu mdogo tu, kwa sababu mbao hunywa maji na kuvimba, na mbao iliyovimba hairudi kama ilivyokuwa.

Sakafu ikishakubalika, shika futi kamba. Uwanja wa voliboli una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na kila upande unahitaji angalau mita 3 zisizo na kizuizi chochote, pamoja na mita 7 za nafasi huru kwenda juu. Hesabu hiyo ina maana kwamba sakafu ya mita 45 kwa 24 hubeba viwanja vitatu vikikaa sambamba, jambo linaloweza kubana mashindano ya shule kutoka siku tatu hadi mbili. Ukumbi wa shughuli nyingi huwa na mistari ya rangi tofauti: ya mpira wa kikapu, ambao uwanja wake ni mita 28 kwa 15, na ya mpira wa mikono, mita 40 kwa 20. Ikiwa unalazimika kuchora mistari yako kwa utepe, chagua rangi ambayo haimo sakafuni na upana wa sentimita 5, halafu hakiki pembe. Kila nusu ya uwanja ni mraba wa mita 9, kwa hiyo kamba inayovutwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili lazima isome mita 12.73, na ile inayoikata lazima isome vivyo hivyo. Zikitofautiana, uwanja umepinda, hata kama jicho linasema umenyooka.

Wavu hupimwa katikati ya uwanja: mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Juu ya mistari miwili ya pembeni urefu lazima uwe sawa, wala usizidi kipimo rasmi kwa zaidi ya sentimita 2. Nguzo zisishikizwe kwa waya zilizofungwa sakafuni. Kanuni zinakataza, na aliyewahi kumwona mchezaji akijikwaa kwenye waya hahitaji kusomewa kanuni.

Kisha inua macho. Mabango ya mkutano uliopita mara nyingi huachwa yakining'inia, na mpira mmoja wa juu ukigusa bango huzua ubishi wa dakika kumi. Washa taa zote, mweke mpangaji mmoja, yaani mchezaji anayewainulia wenzake mpira wa kushambulia, chini ya wavu, umrushie mipira ishirini. Ukiona anafumba macho, geuza uwanja ikiwezekana. Uliza pia taa ni za aina gani, kwa kuwa zile za zamani za gesi zikizimika kwa kukatika umeme huhitaji dakika kadhaa za kupoa kabla ya kuwaka tena, hata kama jenereta imeshanguruma. Dakika hizo ziwe zimeelezwa kwa waamuzi mapema. Nao waamuzi, kama mechi zinachezwa kwenye viwanja zaidi ya kimoja, wapewe filimbi zenye sauti tofauti, maana ukumbi mkubwa hurudisha mwangwi na wachezaji husimama kwa filimbi isiyo yao.

Kuhusu mashabiki sitasema mengi, ila hili nalisema kwa uzito: kabla ya kufungua mlango wa kuingilia, zunguka mwenyewe milango yote ya dharura na uhakikishe hakuna kufuli. Mlinzi akisema ufunguo uko kwa mwenzake, ngoja mpaka mwenzake afike. Mechi za shule zimalizike jua likiwa bado juu, kwa sababu kituo kama Kasarani kiko mbali na katikati ya jiji, na msongamano wa barabara ya Thika jioni huwafikisha watoto nyumbani usiku.

Kurudisha ukumbi nako kunahitaji utaratibu. Ng'oa utepe jioni ileile, ukiuvuta polepole kwa kuukunja juu yake wenyewe ili gundi ifuatane nao, kwa kuwa ukilala sakafuni siku kadhaa hung'ang'ania. Piga picha sakafu katika pembe zilezile ulizopiga ulipoingia. Mwisho, hesabu vifuniko vya mashimo ya nguzo: viwili kwa kila uwanja, vyote viwe vimekaa sawa na sakafu. Vikanyage kimoja kimoja kwa uzito wa mwili wako wote, kwa sababu kesho mchezaji wa kikapu atapita hapo mbio akitazama juu, ndipo utie sahihi na kukabidhi funguo.