Kura ya bajeti ya shule: isome safu ya tatu kabla hujaipiga

Jumanne ya tatu ya mwezi Mei, karibu kila pembe ya jimbo la New York, watu huitwa kusema ndiyo au hapana kwa bajeti ya shule zao. Kwenye karatasi hiyo rais hayumo, gavana hayumo, wala vyama havimo, ndiyo maana wengi wetu tunaipita bila kuitazama. Mimi naishi Albany. Nina nyumba ambayo mkopo wake haujaisha, nina watoto shuleni, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Bajeti hii inanigusa mfukoni na inanigusa kwa watoto, kwa hiyo nimejifunza kuisoma kwa makini. Nawaandikia ndugu zangu wa Kiswahili walioko jimbo hili, hasa sisi tuliotoka Kongo tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao tayari wana uraia lakini hawajawahi kuipiga kura hii.

Anza kwa kuangalia unaishi wapi. Ukiwa Buffalo, Rochester, Syracuse, Yonkers au jiji la New York, hakuna kura ya bajeti ya shule. Fedha za shule huko hupitia bajeti ya jiji. Binamu yako wa Syracuse akikwambia kitu hicho hakipo, hadanganyi, kwake hakipo. Albany tunapiga, Utica wanapiga, na miji midogo na vijiji vinapiga pia. Tena mipaka ya wilaya ya shule haifuati sana mipaka ya mji. Majirani wawili wa barabara moja wanaweza kuwa kwenye wilaya mbili tofauti, kila moja na bodi yake na kodi yake. Ukiwa na shaka, piga simu kwa karani wa wilaya ya shule, mtajie anwani yako, akwambie uko wapi na kituo chako ni kipi.

Masharti ya mpiga kura ni matatu: uwe raia wa Marekani, uwe na umri wa miaka 18, na uwe umeishi ndani ya wilaya hiyo kwa siku 30 kabla ya kura. Kama ulishajiandikisha kwa chaguzi za kawaida kwa anwani unayoishi sasa, hiyo inatosha.

Nyumba si sharti. Mtoto si sharti. Hili nalirudia kila mwaka, maana kila mwaka nakutana na mpangaji anayeniambia, "Dada, hayo ni ya wenye nyumba." Zamani ilikuwa kweli. Sheria ya New York iliwaruhusu tu wenye mali au wapangaji wa mali inayotozwa kodi, pamoja na wazazi wa wanafunzi. Kijana mmoja wa Long Island, bwana Kramer, hakuwa na mke wala mtoto na alikuwa akiishi kwa wazazi wake. Alikataliwa kupiga kura akaenda mahakamani, na mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo. Kwa hiyo kama unalala kwenye kochi la shemeji yako tangu Machi, na una uraia, kura ni yako.

Wenye grini kadi, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Msipige. Msijiandikishe hata kama karani wa leseni za udereva amekusukumia fomu pamoja na nyingine. Fomu ya kuomba uraia inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura katika uchaguzi wowote, wa taifa, wa jimbo au wa mtaa, na kura ya shule ni uchaguzi. Mtu anaweza kupoteza uraia aliousubiri miaka kwa sababu ya karatasi moja ya Mei, na hata kuondolewa nchini. Lakini kwenda kwenye mkutano wa bodi na kusema neno lako kama mzazi, hilo halina ubaya.

Barua yenye safu tatu

Kabla ya kura, wilaya lazima iwatumie wapiga kura barua ya bajeti. Hutumwa siku sita au zaidi kabla, mara nyingi imekunjwa ndani ya jarida lenye picha za watoto wanaocheka. Picha ziache. Tafuta jedwali. Lina safu tatu: bajeti ya mwaka huu, bajeti inayopendekezwa, na bajeti ya dharura, yaani ile itakayotumika wananchi wakikataa.

Mimi huchukua kalamu ya rangi nikaweka alama sehemu mbili tu. Ya kwanza ni mstari wa jumla ya bajeti. Ya pili ni mstari wa makusanyo ya kodi ya majengo. Watu wengi wanasoma wa kwanza, wanashtuka, wanakunja barua. Wa pili ndio unaohusu mfuko wako, kwa sababu sehemu ya bajeti hutoka kwa jimbo kama ruzuku, na kinachobaki ndicho kinachotafutwa kwenye majengo yetu.

Tuchukue mfano wa wilaya ya kubuni. Bajeti inapanda kutoka dola milioni 97 hadi milioni 100. Hiyo ni kama asilimia 3. Makusanyo ya kodi yanapanda kutoka dola milioni 40 hadi milioni 40 na laki 8. Hiyo ni asilimia 2. Mwenye nyumba anayelipa kodi ya shule dola 3,000 kwa mwaka, kama thamani za nyumba hazijabadilika, ataongezewa dola 60. Dola 5 kwa mwezi.

Sasa nenda safu ya tatu. Wananchi wakikataa mpaka mwisho, makusanyo yanabaki milioni 40 zile zile. Yule mwenye nyumba bado analipa 3,000. Kura ya hapana haimrudishii hata senti ya kile anacholipa tayari. Inamwepusha na zile 60. Na shule itatafuta pa kukata laki 8 kwenye bajeti iliyopendekezwa. Haya ndiyo unayochagua: safu ya pili au safu ya tatu. Safu ya kwanza ni mwaka unaokwisha, haipo tena kwenye meza. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alikuwa akipiga hapana kila Mei akiamini kodi itashuka. Tulikaa naye barazani na barua yake, nikamwonyesha safu ya tatu. Akanyamaza, akasema, "Kumbe wanagombania nyongeza tu." Bado hupiga hapana miaka mingine, na ni haki yake, ila sasa anajua anakataa nini.

Ukiwa na nyumba, angalia pia mstari wa STAR, punguzo la kodi ya shule ambalo jimbo linawapa wenye nyumba wanaoishi ndani ya nyumba zao. Waliofika miaka 65 na kipato chao si kikubwa wana STAR kubwa zaidi. Nimekuta wazee wenye haki nayo ambao hawaipati. Kama huipati, uliza. Na ujue kwamba bili yako inaweza kupanda hata bajeti ikikataliwa, kama thamani ya nyumba yako imepandishwa kuliko za wenzako. Lawama hiyo si ya shule, nenda ofisi ya wathamini.

Ile asilimia mbili

Tangu sheria ya mwaka 2011 kuna kikomo cha kupandisha makusanyo ya kodi. Watu wanakiita asilimia 2, lakini msingi wake ni asilimia 2 au mfumuko wa bei, kilicho kidogo. Kwa mwaka wa shule wa 2016 hadi 2017 msingi huo ulishuka mpaka asilimia 0.12. Halafu kuna hesabu za kuongeza, kama vile deni la ujenzi na majengo mapya yaliyoongezeka mjini, kwa hiyo kila wilaya inatoka na kikomo chake. Wilaya yako ikikwambia kikomo chetu ni 3.1 usidhani imevunja sheria.

Ikitaka kukivuka, inaweza, ila lazima ipate angalau asilimia 60 ya kura. Watu 1,000 wakipiga, 580 wakasema ndiyo na 420 hapana, bajeti imeanguka. Karatasi yenyewe ya kura lazima iseme kwamba bajeti inavuka kikomo. Ukiona maneno hayo, jua kura moja ya hapana ina uzito kuliko ya ndiyo mwaka huo, na kama unaitaka bajeti basi usiende peke yako.

Wapi pa kuuliza

Siku 7 hadi 14 kabla ya kura kuna kikao cha hadhara cha bajeti. Watu hufika wachache, ukisimama utasikika. Usiulize "mbona hela nyingi?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa hotuba. Uliza kitu kimoja chenye jina: mwalimu wa Kiingereza kwa wageni shuleni kwa mwanangu anabaki au anaondoka? Basi la mtaa wetu litaendelea? Bajeti ikianguka, mtakata nini kwanza? Swali hili la mwisho ndilo nalipenda, maana sheria inazibana sana wilaya. Mishahara iliyosainiwa haikatwi, madeni hayakatwi, huduma za watoto wenye ulemavu hazikatwi. Basi kinachobaki kukatwa ni vile visivyolazimishwa: michezo, vilabu, muziki, masomo ya ziada. Wakikujibu kwa majina, andika. Wakikujibu kwa "tutaangalia", andika hilo pia.

Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa kikao, piga simu wiki moja kabla uombe mkalimani wa Kiswahili. Na useme ni Kiswahili, maana kuna maofisi ambayo mtu akisema ametoka Kongo wanamletea mkalimani wa Kifaransa, mama wa watu anakaa anamwangalia tu.

Siku yenyewe

Vituo viko wazi jioni. Sheria inataka angalau saa mbili ziwe baada ya saa kumi na mbili. Kwa sisi wa zamu za usiku, kuna kura ya posta, na tangu 2024 huhitaji kutoa sababu ya kuitaka. Fomu iko kwa karani wa wilaya ya shule. Ukitaka karatasi itumwe nyumbani, ombi limfikie siku 7 kabla. Karatasi iliyojazwa nayo lazima iwe mkononi mwake siku ya kura kabla ya saa kumi na moja jioni. Muhuri wa posta hausaidii kitu. Siku zikibaki chache, ipeleke mwenyewe.

Kituo mara nyingi ni ukumbi wa michezo wa shule: meza imewekwa juu ya mistari ya mpira wa kikapu, na mama mmoja mtu mzima anatafuta jina lako kwenye orodha kwa kidole. Mtajie jina kama lilivyoandikwa kwenye hati zako, si lile tunalokuitia nyumbani. Usipokuwa msomaji wa Kiingereza, sheria ya Marekani inakuruhusu kuingia na mtu unayemwamini akusomee na kukusaidia kujaza, mradi asiwe mwajiri wako au mtu wake, wala kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Mwanao mkubwa anafaa.

Geuza karatasi uangalie nyuma. Albany, siku hiyo hiyo, tunapigia kura bajeti ya maktaba za mji, ambayo ni pendekezo la peke yake, na wajumbe wa bodi. Wilaya nyingine huongeza ununuzi wa mabasi. Unaweza kusema ndiyo kwa hili na hapana kwa lile.

Matokeo hutoka usiku. Bajeti ikianguka, bodi ina njia mbili: irudishe kura Jumanne ya tatu ya Juni, kwa bajeti ile ile au iliyopunguzwa, au ipitishe bajeti ya dharura papo hapo. Ikianguka mara ya pili, hakuna kura ya tatu. Hapa Albany tuna mfano wa hapana iliyozaa kitu, ingawa ilikuwa kura ya ujenzi, si ya bajeti ya mwaka: mpango wa kuijenga upya shule ya sekondari ya Albany High ulikataliwa Novemba 2015, ukapunguzwa, ukapita Februari 2016. Kwa hiyo kura ya Juni, ikiwepo, usiidharau. Watoto wanakaribia kufunga shule, watu wanawaza safari, na wanaokwenda ni wachache zaidi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bili ya kodi ya shule huja Septemba. Iweke pamoja na ile barua ya Mei, ulinganishe. Na kama ulikwenda kikaoni ukaona bodini hakuna anayejua kina mama wa Kiswahili wana shida gani, fomu ya kugombea iko kwa karani yule yule. Albany inataka saini 100 za wapiga kura, nazo jumuiya yetu ikijipanga zinapatikana Jumapili moja baada ya ibada.