Kula nje Montréal na mvinyo wako mwenyewe: hatua kwa hatua

Montréal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ina migahawa mingi isiyouza pombe hata tone, lakini ukija na chupa yako wanaifungua, wanakuletea glasi, na kwa kawaida hawakutozi chochote kwa kazi hiyo. Kwa Kifaransa huitwa "apportez votre vin", yaani lete mvinyo wako; kwa ufupi AVV. Nafuu yake inaonekana kwenye bili. Mgahawa unaouza mvinyo mara nyingi hupandisha bei ya dukani mara mbili hadi tatu, hivyo chupa ya dola 20 inakufikia mezani kwa dola 45 au 60, kisha kodi na bakshishi zinapanda juu yake.

Hatua ya 1: Jua leseni inasema nini

Quebec leseni za pombe hutolewa na mamlaka iitwayo Régie des alcools, des courses et des jeux. Kuna leseni ya kuuza pombe ("pour vendre") na kuna ya kuhudumia ile aliyokuja nayo mteja ("pour servir"). Mgahawa wenye leseni ya kuuza hautakufungulia chupa yako hata ukiahidi kulipia. Usimbembeleze mhudumu, si ubahili wake, ni leseni ya tajiri wake ndiyo iliyo hatarini.

Leseni ya kuhudumia nayo ina mipaka: mvinyo, bia na saida (kileo cha tufaha) ruksa, pombe kali hapana. Kwa hiyo ile waragi au konyagi aliyokuletea shemeji kutoka nyumbani ibaki kabatini.

Hatua ya 2: Tafuta, kisha hakikisha

Fungua Google Maps uandike "apportez votre vin" pamoja na jina la mtaa. Tafuta kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo migahawa inavyojiandika. Anzia mtaa wa Plateau-Mont-Royal, hasa barabara za Duluth na Prince-Arthur, ambazo zina sifa hiyo tangu zamani.

Matokeo ya utafutaji yasikutoshe. Mgahawa ukibadilisha leseni, orodha za mtandaoni hubaki vilevile kwa miaka. Kipimo kizuri ni menyu: ukikuta ukurasa wa mvinyo wenye bei, huo si AVV tena. Tazama pia picha za karibuni za mlango, maana maneno hayo huandikwa kwenye kioo au kibao. Mwisho piga simu: "Bonjour, êtes-vous toujours apportez votre vin?" Neno "toujours" ndilo la maana hapo: bado mnaruhusu?

Katika simu hiyohiyo uliza muda wa meza. Migahawa hii mingi ni midogo, na Ijumaa na Jumamosi baadhi hupokea wateja kwa awamu mbili. Ukipewa awamu ya kwanza, jua kuna watu wanaisubiri meza yako.

Hatua ya 3: Nunua mapema

Maduka ya mvinyo ni ya SAQ, shirika la serikali ya jimbo. Matawi mengi hufunga mapema siku za mwanzo wa wiki; yale ya SAQ Express hukaa wazi hadi saa nne usiku. Ukichelewa kabisa, dépanneur (duka la mtaani) huuza mvinyo na bia hadi saa tano usiku, ila chaguo ni finyu na kwa bei hiyohiyo SAQ ingekupa kitu bora zaidi. Umri wa kununua ni miaka 18; beba kitambulisho.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Watu wanne wakikaa saa mbili au tatu, chupa mbili zinatosha, ya tatu iwe ya akiba. Soma menyu kabla ya kununua. Hapa huna mtu wa kukushauri mezani, na mvinyo mzito mwekundu juu ya samaki wa mvuke ni hasara ya vyote viwili.

Hatua ya 4: Safirisha kwa akili

Hapa ndipo wengi huharibu. Mvinyo huanza kuganda karibu nyuzi 6 chini ya sifuri, na usiku wa Januari Montréal hushuka chini ya hapo kwa urahisi. Mvinyo ulioachwa kwenye gari hutanuka, kizibo husukumwa nje, wakati mwingine kioo hupasuka. Ingia na chupa ndani. Kiangazi adui ni joto la gari, na hasara ni ileile.

Mvinyo mweupe upoe nyumbani kabla ya kutoka. Ukifika nao vuguvugu, omba ndoo yenye barafu na maji. Barafu tupu haigusi chupa vizuri, ila ikichanganywa na maji dakika 20 zinatosha. Wenye mapovu usitikiswe njiani, la sivyo glasi ya kwanza itanywewa na kitambaa cha meza.

Hatua ya 5: Bili na chupa iliyobaki

Kodi mbili za Quebec, 5% na 9.975%, jumla yake ni karibu 15%. Bakshishi ya kawaida nayo ni 15% ya bei kabla ya kodi, hivyo soma jumla ya kodi kwenye risiti na utoe kiasi hichohicho. Kwenye AVV ongeza kidogo: mhudumu amekufungulia chupa tatu na kukubadilishia glasi, na hakuna hata senti ya kazi hiyo iliyoingia kwenye bili.

Mvinyo ukibaki, omba chupa izibwe vizuri uondoke nayo. Garini iweke kwenye buti, mbali na mikono ya dereva na abiria.